Kombe Lilipokosa Pa Kulala

Mwezi uliopita nilirudi Goma baada ya miaka mingi, na niliposhuka kwenye basi kijana mmoja wa pikipiki akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Mabanga, karibu na uwanja wa mpira wa zamani. Akakuna kidevu.

"Ule uwanja sijuwe, mama. Lakini kama ni ile upande, nitakuacha Kwa Kombe."

Nikamuuliza kwa nini panaitwa hivyo.

"Banapaitaka tu vile," akasema, akinipa kofia ya kuvaa. "Tangu zamani."

Nikaivaa, nikapanda. Kama angekuwa na muda, ningemsimulia kisa chote njiani. Basi wewe rafiki yangu, vuta kiti, nikusimulie wewe.

Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za mbao zilizosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mawe yale yalitumalizia viatu na kutuchubua magoti, lakini hakuna kitu kilichokausha nguo upesi kama hayo. Siku moja kabla ya mechi jezi za timu zilifuliwa na kutandazwa juu yake, kijani kitupu kutoka uwanjani hadi kwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na sisi watoto tulikuwa na kazi ya kufukuza kuku wasizikanyage. Jioni moshi wa makala, ndiyo mkaa wetu, ulipanda kila uani, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa, mtu akitwanga sombe ya majani ya muhogo, na redio ya jirani ikiongea Kifaransa ambacho hakuna aliyekisikiliza. Hata ninapokusimulia hivi nasikia njaa.

Niliishi na koko na mjomba wangu. Huku kwetu ukisema bibi watu wanafikiri umetaja mke wa mtu, kwa hiyo mama yake mama yangu nilimwita koko, na hadi leo siwezi kumwita vingine. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, alikoacha ng'ombe na shamba la maharagwe siku walipokimbia vita. Mwanamke mfupi, mkali kidogo, asiyependa mtu aingie kwake akatoka bila kula. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani, nyuma ya goli, na mipira iliyopaa iligonga bati letu hadi sahani zikaruka. Pamoja na hayo, watu walituita wageni. Hawakutuita kwa ubaya, lakini walituita.

Mjomba alikuwa golikipa wa timu ya mtaa. Mwaka mmoja ikafika fainali ya mji, na yeye akazuia penalti ya mwisho. Sijaona tena furaha kama ile. Prezida wa timu, muzee mmoja mwenye duka la mbao, akatoa neno: kombe lisifungiwe kabatini kwake, lizunguke mtaa nyumba kwa nyumba, lilale kwa kila mtu wiki moja. Kila Jumapili baada ya misa lilifungwa juu ya chukudu kwa kitenge, likasukumwa taratibu, watu wakiimba nyuma. Nyumba iliyolipokea ilipika, ikaacha mlango wazi hadi giza liingie, na yeyote aliyekuja kulitazama alikula. Mama wa nyumba ya kwanza alichinja mbuzi. Wa pili ilimbidi achinje mbuzi mkubwa zaidi, unawajua watu wa Mabanga.

Mzunguko ulianza kwa waliotangulia kukaa mtaani, na sisi tulikuwa wa mwisho. Tatizo ni kwamba nyumba zilikuwa nyingi kuliko Jumapili za mwaka, na msimu uliofuata ukiisha kombe lingerudishwa. Koko aliligundua hilo kabla ya mtu yeyote. Akaenda dukani kwa prezida, mimi nikiwa nyuma yake na kikapu.

"Papa prezida, mutoto wangu njo alishika ile penalti. Hata siku moja tu, ilale kwangu."

"Naelewa, mama," prezida akasema. "Lakini mustari ni mustari. Nikikupitisha mbele, batanikula muzima."

Koko akamshukuru. Tulipofika nyumbani alitoa uzi mweupe akaanza kufuma kitambaa cha kuweka chini ya kombe. Alifuma kila jioni baada ya kuosha vyombo. Hata kwa akili yangu ya utoto nilielewa kwamba hakulitaka kombe kwa ajili ya mpira, maana mpira wenyewe hakuujua vizuri. Alitaka siku moja mtaa mzima uingie kwa mlango wake, ukae, ule, na uondoke ukisema umetoka kwa jirani.

Msimu mpya ulipoanza tulifungwa mechi ya kwanza, tukacheka. Hata bingwa ana siku yake mbaya. Tukafungwa ya pili, tukacheka kidogo. Mshambuliaji wetu alikuwa amechukuliwa na timu ya Bukavu mara tu baada ya fainali, beki wa kati alikuwa amekwenda mpakani Bunagana kushusha mizigo ya malori, na waliobaki walicheza na majeraha. Sababu zilikuwa wazi mbele ya macho yetu, lakini mtu anayefungwa kila wiki haridhiki na sababu zilizo wazi. Penye bomba la maji pakaanza kusemwa kwamba kombe lenyewe ndilo linalokula bahati ya timu. Kwamba limelala nyumba nyingi mno, limekusanya kijicho cha kila mlango. Mwalimu wetu wa shule, mtu wa suti na kalamu mfukoni, alisema huo ni upuuzi mtupu. Zamu yake ilipofika akasema mke wake hajisikii vizuri.

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili moja nyumba ilikuwa na mgonjwa. Nyingine ilikuwa inapakwa rangi, ingawa rangi hatukuiona. Jirani yetu wa mbele, mama muuza sambaza, alitia kofuli kubwa mlangoni akaenda ziwani siku ambayo hapakuwa na soko. Msukuma chukudu alipanda na kushuka mtaani na kombe lake, akibisha hapa, akibisha pale, na hakuna aliyeimba nyuma yake tena. Kila tulipofungwa, kombe liliruka nyumba na kutusogelea.

Usifikiri koko alifurahi. Aliketi kizingitini na kitambaa chake akiitazama ile chukudu inavyokaribia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeletewa habari mbaya. Mjomba ndiye aliyeumia zaidi. Mikono ile ile iliyobusiwa siku ya fainali sasa ilisemwa ina matundu. Aliacha kula pamoja nasi, akawa anachukua sahani yake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba, juu ya mawe.

Jumapili ile chukudu iliposimama mbele ya nyumba yetu, alitoka akasimama katikati ya njia.

"Mama, usikamate ile kitu. Banatutupia tu. Wakati ilikuwa muzuri, hawakutupatia."

Msukuma chukudu alitazama chini. Koko alikikunja kile kitambaa, akakikunjua. Niliogopa, kwa sababu sikujua ningependa aseme nini.

"Kama benyewe banatupa, mimi naokota," akasema. "Ingiza, mutoto wangu. Pole-pole, mulango iko mufupi."

Siku ile alipika kama vile tumetoka fainali jana. Bugali, sombe, sambaza, na kuku wake aliyekuwa akimtunzia Noeli. Kombe likawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, mlango ukaachwa wazi, mikeka ikatandikwa. Tukangoja. Watu walipita wakitazama upande wa pili wa njia. Bugali ikapoa, ikashika ganda. Giza lilipoingia, aliyekuwa amekula kwetu ni msukuma chukudu peke yake, na yeye alikula kwa haraka. Koko akafunga mlango mwenyewe. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Hakulia kwa muda mrefu, alijifuta na kanga akaniambia nipange sahani.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja kulichukua kombe, wala iliyofuata hiyo. Likawa la kwetu. Kazi ya kulisafisha ilikuwa yangu: maji kidogo, majivu ya makala na kitambaa kibovu, kama tulivyosafisha sufuria. Hatukujua kwamba ile dhahabu ni rangi iliyopakwa juu. Ilianza kutoka pembeni, ikatoka tumboni, hadi kombe likabaki jeupe, na dhahabu imesalia kwenye masikio yake ya kushikia tu. Mjomba alipoliona alicheka hadi akakaa chini. Tulikuwa tumesahau kicheko chake kinafananaje.

Koko aliendelea kupika kila Jumapili na kuacha mlango wazi. Hapakuwa na kuku tena, mara nyingi palikuwa na maharagwe tu, lakini alisema sheria ya prezida haikubadilishwa na mtu. Na wachezaji wakaanza kuja. Baada ya kufungwa hawakutaka kupita mtaani na jezi zao, na mlango uliokuwa karibu na goli ulikuwa wetu. Kwanza alikuja kapteni, kisha mwingine, mwishowe karibu timu nzima, wakila mbele ya lile kombe jeupe. Koko hakuwauliza matokeo. Aliyaona mwenyewe kutoka kizingitini.

Mechi ya mwisho ilikuwa ya kufa na kupona. Tukishinda tunabaki, tukifungwa tunashuka daraja. Tulifungwa. Mpira ulipita chini ya mkono wa mjomba, polepole, mpira ambao hata mimi ningeudaka, ukagusa wavu kama umechoka. Watu walitukana, mawe mawili matatu yakarushwa, wachezaji wakakimbilia kwetu. Mjomba aliingia akakaa sakafuni, glavu zikiwa bado mikononi. Koko akamwekea sahani mbele yake. Alipoona hagusi, akapiga magoti akamvua glavu moja, kisha nyingine, akamnawisha mikono.

Hapo tukasikia mtu mlangoni. Alikuwa mama muuza sambaza, beseni kichwani, amesimama nje asijue aingie au asiingie.

"Mama," akamwambia koko, "nimeleta sambaza. Imepoa kidogo."

"Ingia. Sahani haitoshe, utakula na ule mutoto."

Nikala naye sahani moja. Nyuma yake akaja mwalimu na mke wake, kisha yule wa rangi isiyoonekana, kisha wengine, hadi mbao za ukuta zikalia. Hakuna aliyeomba msamaha, huko kwetu neno hilo halitoki upesi. Walikula. Prezida alifika wa mwisho, akakaa juu ya bidoni ya maji kwa kukosa nafasi, akalitazama kombe kwa muda mrefu. Naona alitaka kuuliza dhahabu imekwenda wapi, akaona heri aombe chumvi. Koko alizunguka na sufuria, akiongeza hapa na pale, na kila aliyemwongezea alimwita jirani.

Jumapili iliyofuata kombe lilipelekwa kwa mabingwa wapya, timu ya Majengo. Prezida alitaka litumwe kimyakimya. Koko hakukubali. Alivaa kitenge chake cha misa, akatembea nyuma ya chukudu, na mtaa mzima ukamfuata, japo bila wimbo. Kule alilikabidhi kwa mama wa kapteni wao, ambaye aliligeuza huku na huku akitafuta rangi.

"Ile ilikuwa ya juu tu," koko akamweleza. "Mupanguzake na majivu ya makala. Na mulango, muache wazi."

Timu yetu haikupanda tena. Vita viliposogea wachezaji walitawanyika. Mjomba alipitia Bunagana kwenda Uganda, na kwa muda sauti yake ilikuja kwa simu, halafu ikaacha kuja. Koko tulimzika na kile kitambaa cheupe mkononi. Nyumba ilibomolewa, uwanja ukajaa mahema ya watu waliokimbia kama yeye alivyokimbia, mahema nayo yakaondolewa, na leo kuna vibanda hadi pale palipokuwa goli. Hakuna jezi juu ya mawe. Inaniuma, sitakuficha, kwamba watu wote wale waliokula kwetu siku ile nisingemjua hata mmoja nikipishana naye.

Kijana wa pikipiki alisimama kwenye kona yenye kibanda cha kuchaji simu. Nikavua kofia, nikatazama kulia na kushoto, nikitafuta kizingiti ambacho hakipo. Aliona ninavyohangaika, akazima injini.

"Ni hapa, mama, Kwa Kombe. Uko mugeni huku?"

"Hapana, papa," nikamwambia. "Hapa ni kwetu."