Mkunazi Mbele ya Mlango Wetu

Watu wa mradi wa kupanda miti walipita mlango kwa mlango wakiuliza kila nyumba inataka mti gani. Wakati huo njia yetu ya Mji wa Kale ilikuwa imechoka. Nusu ya maduka ya vinyago yalikuwa yamefungwa, wageni walipita mbio mbio na kofia zao, na mchana jua lilipiga mawe ya njiani mpaka paka wakahamia vichochoroni. Binti mmoja mwenye kalamu, mtu wa bara na mwenye adabu zake, alitueleza kwamba kivuli kikija watu watakuja, na watu wakija biashara itafuata. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Mti gani umepata kuliletea duka wateja?

Akanitajia muarobaini, mkungu na mkwaju. Kabla sijajibu, sauti ya mama yangu ikashuka kutoka dirisha la juu.

"Mkunazi."

Binti alifurahi. Mti wa matunda, akasema, tena hauogopi ukame. Hakumwona jirani yetu wa mbele, mwenye duka la mabuibui, ambaye tangu utoto nilimwita khala, mama mdogo, ingawa hatuna damu moja. Khala alijifunika mdomo kwa leso akaingia ndani.

Si kwamba mkunazi ni mti mbaya. Kunazi tunazila, na watoto huzigombania. Lakini majani yake ndiyo yanayotwangwa na kutiwa katika maji ya kumwoshea maiti, na kila mtu wa mtaa anajua yapatikana wapi: nyuma ya msikiti, uani kwa fulani, mahali pa faragha. Kuupanda njiani, mlangoni kwako, unapoingia na unapotoka, hilo halifanywi. Na mama yangu ndiye aliyekuwa mwosha wa wanawake mtaani petu, mpaka magoti na pumzi vikamshinda akawa mtu wa kitandani na dirishani.

Nilipanda juu nikiwa nimekasirika. "Mama, watu watasema nini?"

"Na waseme. Mimi nikifa nataka kuoshwa kwa majani ya mti uno. Na unioshe wewe, si mtu mwengine."

"Mungu akupe umri mrefu, mama," nikamwambia, na hilo ndilo jibu letu la kukwepa. Mimi ni mwanamke mzima, karani wa shule huko Tononoka, watoto watundu hunyamaza wakinisikia viatu. Lakini maiti naiogopa. Bibi yangu alipokufa nilikwenda kukaa darini mpaka jeneza likatoka. Mama alilijua hilo, na alinitazama mpaka nikatafuta kazi ya kufanya jikoni.

Basi miti ikapandwa, na baada ya misimu michache ya mvua nikaona haya kwa kicheko changu. Mikungu ilitandaza matawi yake mapana, muuza kahawa akahamishia jiko lake kivulini, mafundi wakatoa vigoda nje. Baada ya alasiri njia ilijaa salamu na kelele za bao, kama walivyotuhadithia wazee wetu na sisi tukidhani wanatia chumvi. Kila mti ulikuwa na watu wake. Wetu tu ndio uliokaa peke yake, na miba yake, na kivuli kizuri kisichokaliwa na mtu.

Asubuhi moja nilifungua mlango niende kazini, nikaona upande mmoja wa mkunazi uko mtupu. Chini hapakuwa na jani hata moja. Majani yalikuwa barazani petu, juu ya uteo wetu wa kupetea mchele, yamepangwa safi, hakuna lililochanika. Uteo ule hutundikwa jikoni, na mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo mwenyewe. Nilidhani ni mzaha wa mtu. Nikapanda kumwambia mama, ambaye hata kwenda msalani ilikuwa lazima nimshike.

Hakushangaa. Aliuliza tu, "Ni mengi au kidogo?"

"Mengi. Kwa nini?"

"Basi ni mtu mzima," akasema, akaomba chai yake.

Kabla ya adhuhuri msikiti ulitangaza kifo cha mama mmoja wa kichochoro cha pili. Watu wake walipokuja kuomba majani niliwapa uteo wote. Nilijiambia kwamba ajali haina kinga, mtu yeyote angeweza kufa siku ile. Usiku nililala na taa.

Mara ya pili nilijua kabla sijafungua mlango. Sijui nilijuaje. Nilisimama na mkono juu ya komeo, nikasoma dua nilizozijua, nikafungua. Uteo ulikuwa pale. Majani yalikuwa ya kujaza kiganja tu.

"Mengi au kidogo?" mama aliuliza kutoka juu, nami hata sikuwa nimemwita.

"Kidogo, mama."

Nikamsikia akilia. Majani hayo yalikuwa ya mjukuu wa khala, mtoto aliyekuwa mgonjwa siku nyingi hospitalini. Alifariki siku ile ile.

Baada ya matanga khala alinijia, macho yamemvimba. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. "Mwanangu," akasema, "sisi hatuwaombei mabaya. Lakini mti huu waita. Ukate. Kabla haujamwita mamako."

Hakuwa na haja ya kunisihi. Mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo kila nilipompelekea mama dawa zake: kama mti unaita, nani mwengine aliyebaki karibu nao kuliko yeye? Nikampigia yule binti wa mradi. Akasema watakuja Jumamosi kuung'oa na kutupandia mkungu. Mama sikumwambia. Nilitaka aishi, na kama kuishi kwake kulitaka nimdanganye, basi ningemdanganya bila haya.

Ijumaa asubuhi uteo ulikuwa barazani, umejaa mpaka majani yanamwagika.

Nilipanda ngazi mbio mpaka nikajigonga. Mama alikuwa ameketi, yu hai, anatafuta miwani yake. Nilimkumbatia kwa nguvu.

"Mengi au kidogo?"

"Hakuna kitu, mama."

Akanusa bega langu, akajua nadanganya. "Lisilobudi hutendwa," akasema. "Vuta mto ule mrefu uuweke hapa. Ndoo, mwanangu, nikufundishe."

Na asubuhi yote ile, karani wa Tononoka ambaye hakwenda kazini, nilijifunza kuosha maiti kwa mto wa sufi. Usimfunue, mkono upite chini ya nguo. Anza na viungo vya udhu. Upande wa kulia kisha wa kushoto. Maji ya mkunazi mwanzo, maji safi, kisha ya karafuu maiti. Mpole, mpole, kama wamwogesha mtu aliyelala na hutaki aamke. Ukiona kitu mwilini mwake, hukukiona. Nililia juu ya mto ule, naye akanirudisha mwanzo kila nilipokosea. Sote wawili tulijua tunamzungumzia nani.

Mlango uligongwa adhuhuri. Ni binti wa khala. Mamake alikuwa ameinama kufungua kufuli la duka, akaanguka pale pale. Wanawake wako nyumbani, akasema, na hakuna anayejua kuosha. Alitazama ngazi ya mama yangu, akakata tamaa.

"Mchukueni," mama akasema kutoka juu. "Yuwajua."

Nikauchukua uteo, nikavuka njia. Khala nilimwosha mimi, kwa majani ya mti aliotaka ukatwe. Uso wake ulikuwa na mshangao kidogo, nami nilimfumba macho, nikamwomba radhi, nikaendelea na upande wa kulia. Wakamzika baada ya alasiri. Nilipompigia binti wa mradi kumwambia asije, aliniuliza kama kuna tatizo na mti. Nikamwambia mti hauna tatizo.

Nilirudi kwa mama magharibi ikiingia. Aliishika mikono yangu akaigeuza geuza.

"Ilitetemeka?"

"Mwanzo tu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi kwangu haitatetemeka." Uso wake ulikuwa mwepesi, sijapata kuuona hivyo tangu alipoacha kutembea. Akageukia ukutani akalala.

Nilikaa kitandani pake nikisikiliza pumzi zake mpaka kulipoadhiniwa alfajiri. Kisha ikawa asubuhi, jua likapanda, muuza kahawa akaanza kugonga vikombe vyake, na mimi bado nimekaa pale namsikiliza, kwa sababu sikuthubutu kushuka kufungua mlango nione kama uteo uko barazani.