Mdogo Huonyesha Kwanza

Kwa muda mrefu, kila nilipoulizwa kama naikumbuka poka, mchezo wetu wa karata wa Jumapili, nilisema hapana, nina maandishi ya kumaliza. Uongo. Naitamani ile meza mpaka najionea aibu.

Tulikuwa wanne, nyumbani kwangu, mtaa wa Bel-Air, baada ya misa: dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, mume wangu, mama jirani na mimi. Dau letu lilikuwa maharagwe, na jioni tuliyala wote pamoja.

Sheria zilikuwa chache. Aliyetupa karata zake na kujitoa anyamaze. Karata ikianguka ikaonekana, igawiwe nyingine. Na ile kubwa: mwishoni, mdogo huonyesha kwanza. Ni heshima. Yaya alitazama zangu, akatabasamu, na kama ameshindwa alizitupa zake bila mtu kuziona. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua alikuwa akinitisha kwa karata gani.

Ndipo mimi, msomi wa familia, nikasoma kwenye simu kwamba anayeongeza dau mwisho ndiye huonyesha kwanza. Jumapili iliyofuata Yaya akasukuma konzi ya maharagwe katikati. Nikaweka kiasi kilekile, kisha nikakunja mikono.

"Onyesha, Yaya. Sheria njo iko vile."

"Sheria ya nani?"

"Ya dunia nzima."

"Weee," mama jirani akasema, "leo iko kesi mu nyumba."

Yaya hakumwangalia. "Nilikubebaka mu mugongo," akaniambia, "leo unaniamrisha nionyeshe?"

Akazichanganya karata zake na zile zilizotupwa, akachukua mkoba, akaondoka. Maharagwe yote yakawa yangu. Mume wangu akatazama dari.

Hakurudi tena mezani. Baadaye alihamia kwa mwanawe, mji wa Kolwezi. Kwenye simu tuliulizana habari za magoti na za mvua. Za karata, kimya. Sisi watatu tulijaribu kucheza, lakini hakuna aliyelamba kidole gumba kabla ya kugawa, jambo nililokuwa nikimkemea Yaya kila wiki. Niliyakosa hata hayo mate.

Mchana mmoja nikashindwa kuvumilia, nikampigia.

"Yaya, kuya siku moja tu. Nitaonyesha kwanza."

Akacheka kwa muda. "Mudogo, huku nachezaka na bamama ba parokia. Bote banazeeka kunipita."

"Na nani anaonyesha kwanza?"

"Miye! Kila mara miye! Na ni miye nilibafundisha! Banaangalia karata zangu kama nyama ku soko, banatupa zabo, banacheka. Ile kitu inaumaka, mudogo wangu."

Nilidhani, kwa ujinga wa msomi, kwamba sasa ataniambia nilikuwa na haki.

"Ntakuya ku Pasaka," akasema. "Lakini kwako, miye njo mukubwa."

"Ndiyo, Yaya," nikajibu haraka, kabla mtandao haujakatika.