Nourhane na Mwanga wa Kioo

Mwaka ule kisiwa chetu cha Anzuani kilipogoma kuutii Muungano wa Komoro, wapo waliosema hapa Mutsamudu kwamba binti yangu Nourhane amefukuzwa kazi Moroni kwa kuwa ni Mwanzuani. Marehemu mume wangu alisomesha nusu ya mji huu, nami sipendi jina lake lizungushwe vibarazani. Ilivyokuwa ni hivi.

Nourhane alikuwa kwenye majaribio katika ofisi ndogo ya Bwana Faïssoili, mtaa wa Badjanani huko Moroni, makao makuu, iliyotayarisha kompyuta za mkononi kwa ajili ya walimu. Umeme wetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo alipewa kazi moja: aandike programu ya kukifanya kioo kijipunguzie mwanga chenyewe, ili betri idumu. Juu ya kioo kuna kijicho kinachopima mwanga. Penye jua kioo king'ae, penye giza kififie.

"Walimu wakiikubali, nakuajiri," Faïssoili alimwambia. "Wakiikataa, nitatafuta mwingine."

Akaja nayo nyumbani kuijaribu, maana kwetu siku hizo umeme ulikuwa hauonekani kabisa. Chumbani ilifanya vizuri. Asubuhi moja akampa mdogo wangu Oumi, ambaye ni mwalimu, aitumie uani. Jua likapiga kiooni. Oumi akafanya kama afanyavyo mwanamke yeyote wa hapa: akavuta shiromani aliyojitanda, akajifunika yeye na mashine pamoja, apate kusoma. Kioo kikafifia hata herufi zisionekane.

"We Nourhane! Mashine yako imefunikwa nguo, imelala!"

"Haijalala, mama mdogo. Inadhani usiku umeingia."

"Basi ina akili za mjomba wako Bacar."

Mimi nilicheka. Nourhane hakucheka. Kijicho kiliona giza la nguo, lakini hakikujua kwamba macho ya Oumi yametoka juani sasa hivi.

"Mwambie tajiri wako walimu wameipenda," Oumi akamnong'oneza. "Moroni nani atajifunika shiromani?"

"Na wewe utakapopewa yako?"

Akairekebisha. Mashine sasa ingoje kidogo kabla ya kupunguza mwanga, na mtu akiuongeza kwa mkono wake, mkono ndio usikilizwe. Ila betri nayo ingeisha mapema kuliko alivyotaka Faïssoili. Kufikia hapo, kwa ugomvi ule wa Muungano, meli za kwenda Moroni zilikuwa zimesimama, na ndege za uwanja wetu wa Ouani pia. Ilibaki simu.

"Kwa hiyo umeharibu nilichokuagiza," Faïssoili alisema. Sauti yake niliisikia pale nilipokaa.

"Nimefanya kisomeke, bwana. Betri ikidumu na kioo hakisomeki, mwalimu atafanya nini nayo?"

"Nyinyi Waanzuani! Mmejitenga na serikali, sasa mnajitenga na mimi?"

"Kaa kwenye mashine, nikusomee mistari ya programu uiandike."

Akamsomea, herufi kwa herufi, naye akaandika huku akilalamika. Kisha tukasikia anatoka nje.

"Nipo juani. Nimejifunika koti kichwani. Watu wananiuliza nimefiwa na nani." Nourhane alikuwa ameushika ukingo wa meza. "Enhe. Ninasoma."

"Unasoma yote?"

"Yote, dada. Kazi ni yako. Kaa huko huko, wape walimu wa Mutsamudu waijaribu kwanza, mpaka njia ifunguke."

Nourhane akaweka simu chini, akaibeba mashine, akatoka kwenda kumtafuta Oumi.