Maji Laini ya Hinrike

Hinrike Thoms alikuwa na ugomvi na chokaa tangu usichana wake. Miaka thelathini na miwili alifua nguo za watu katika mtaa wa zamani wa mji wetu mdogo, huku kaskazini mwa Ujerumani, hatua chache kutoka ziwani, na miaka yote hiyo maji ya bomba yalikuwa magumu ajabu. Sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze. Mashuka yanakauka yamekakamaa kama mbao. Birika likikaa wiki mbili bila kusuguliwa kwa siki limeota ganda jeupe ndani, na juu ya chai unaelea utando wa kahawia wa kutia kinyaa. Na watu wa huku hawana mzaha na chai, Hinrike ndiye usiseme.

Basi alipostaafu, mwaka 1991, akajipa kazi mpya. Akazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi, watu watie sahihi ili halmashauri iache visima vya zamani na kuleta maji laini kutoka chanzo cha msituni. Mama huyo akikukamata mlangoni, hakuachii. Aliyemkatalia ni mmoja tu, Detlev Kruse, fundi bomba.

"Hinrike, mabomba ya nyumba zetu ni ya madini ya risasi, ya enzi za babu zetu. Chokaa hiyo unayoitukana imeyafunika kwa ndani. Maji laini yatailamba yote, halafu utakunywa nini?"

"Nitakunywa chai nzuri, Detlev! Sema tu unaogopa kukosa kazi ya kukwangua chokaa."

Tulicheka mpaka basi. Detlev akaondoka akinung'unika. Na mimi nilitia sahihi, sijifichi.

Maji laini yalifika mwezi wa nne wa 1993. Hinrike alimimina chai, akaitazama ilivyo safi, akalia machozi pale pale mezani. Kiangazi hicho hicho binti yake Gesche, aliyekuwa akiishi naye, akajifungua mtoto wa kike, Levke. Maziwa ya Gesche yalikuwa machache, na baada ya miezi michache ikabidi arudi kazini kwenye duka la mikate, ambako kazi huanza alfajiri. Mtoto akawa wa bibi. Kila asubuhi Hinrike alikuwa wa kwanza kuamka, anafungua bomba, anachemsha maji, anakoroga maziwa ya unga, anapuliza chupa mpaka inapoa. Ee, alimpenda mtoto yule! Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda Gesche mwenyewe, na hilo alilisema waziwazi.

Ila Hinrike alikulia wakati wa vita, na aliyekulia vitani hamwagi kitu. Siku za mapumziko Gesche akifungua bomba na kuliacha litiririke kidogo, mama yake humrukia.

"Funga hilo! Maji si ya kumwaga."

"Mama, yamelala bombani usiku kucha."

"Hata wewe umelala usiku kucha, mbona hatukumwagi?"

Gesche hucheka, na bomba hufungwa.

Levke alipotimiza mwaka alikuwa na maneno manne. Miezi miwili baadaye hakuwa hata na moja. Akapauka, tumbo likawa gumu, akawa analia bila machozi na kuisukuma chupa. "Meno hayo," akasema Hinrike, akazidi kumbembeleza anywe. Alimbembeleza kwa nyimbo! Gesche hakungoja zaidi, akampeleka kwa daktari, damu ikapimwa, ikakutwa na madini ya risasi.

Idara ya afya ikamtuma mwanamke mmoja, mpole tu, akaomba bomba lisiguswe tangu jioni. Asubuhi akajaza kichupa kwa maji yale ya kwanza kabisa. Baada ya wiki akarudi na majibu, akawakalisha mama na binti jikoni.

"Ganda la chokaa limekwisha. Sasa maji yanakula bomba lenyewe. Ukiyaacha yakimbie dakika chache, sumu inapungua. Yaliyolala bombani usiku ndiyo mabaya kuliko yote." Akafungua daftari. "Ya chupa ya mtoto ulikuwa unayateka saa ngapi, Bi Thoms?"

"Asubuhi. Nikiamka tu."

"Kabla ya kuyaacha yakimbie?"

"Nilikuwa nayachemsha," akasema. "Nilikuwa nayachemsha vizuri sana."

"Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, bi."

Hinrike alimgeukia Gesche. Alitaka atukanwe, apigwe hata kofi, roho itulie. Gesche alikuwa anaangalia bomba.

"Siku ngapi, mama?"

"Kila siku."

"Kila siku," Gesche akarudia, akaenda kumvisha mtoto koti.

Detlev aling'oa mabomba ya Hinrike wiki hiyo hiyo, akatia mapya. Daktari naye hakuficha: damu itasafika, lakini akili ikidhurika katika umri ule, haijulikani itarudi kiasi gani. Gesche alihamia nyumba mpya juu ya kilima, mama yake aje Jumapili.

Jumapili moja Levke, karibu miaka miwili sasa, alinyoosha kidole kwenye kikombe chake bila kutamka kitu. Hinrike akainuka upesi, akafungua chupa ya maji aliyoinunua dukani, akamimina. Kabla hajamfikishia mtoto, Gesche alikuwa ameshafika, akakichukua kikombe mkononi mwa mama yake, akamwaga yote, akamimina upya kutoka chupa ile ile.

"Gesche, ni maji yale yale."

"Najua, mama."

Akampa mtoto mwenyewe. Hinrike akarudi kukaa, mikono mapajani, akamtazama mjukuu wake akinywa mpaka mwisho.