Fundi Mwanahalima na Piano ya Wageni

Niseme mapema: piano ile niliiua mimi. Wenzangu huwasingizia panya, wengine mvua za masika, lakini muuaji alikuwa mimi, Lusajo, mwalimu wa Jiografia niliyekabidhiwa pia kwaya ya shule.

Ililetwa shuleni kwetu Kisarawe na familia moja ya Dar iliyokuwa inahama. Nami nikafanya kile ambacho mtu aliyelelewa vizuri hukifanyia kitu kizuri. Nikaivisha nailoni, juu ya nailoni nikatandaza vitambaa vya kufuma, juu ya vitambaa chombo cha maua ya plastiki, kisha nikafunga kwa ufunguo. Kwetu kitu kizuri ni cha wageni. Vikombe vizuri vya wageni, godoro jipya la wageni, na sofa hubaki na nailoni yake mpaka watoto wanamaliza chuo. Miaka minne wageni walikuja, wakaitazama, wakatusifu. Mwanafunzi aliyethubutu kuigusa alifagia uwanja wiki nzima.

Siku moja mgeni mmoja akaomba kuisikia. Nikafungua kwa mbwembwe, nikabonyeza, ikatoa mlio wa mlango wa kabati. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Isaya, aliona aibu hadi shingo ikamtoka jasho. Kesho yake akamwita Badru seremala, akaja na futi yake, akapima. Mbao safi, akasema, zitatoa mashelfu mazuri ya ofisi. Mkuu akakata shauri: isipolia Jumamosi kwenye mahafali, mbele ya wazazi, Jumatatu Badru aje na msumeno.

Hapo ndipo nilipomfuata Mwanahalima.

Ana duka Kibaha, Maili Moja, la vinanda vya mtumba, magitaa na ngoma. Mlangoni kaandika kwa rangi nyekundu: INGIA UPIGE, KUNUNUA BAADAYE. Nilimkuta muuza mihogo amekaa kwenye kinanda cha watu, vidole vina mafuta, anatafuta wimbo wa harusi. Nikamweleza Mwanahalima habari za piano yetu, kisha nikamwambia kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, akaniuliza, "Na wewe yako uliyoifungia, inaendeleaje?"

Kazaliwa Mzenga, huku huku Kisarawe, binti wa mkulima aliyeuza nazi pembeni. Alikwenda Dar kufanya kazi za ndani kwa mzee mmoja Mhindi wa Goa, Upanga, aliyekuwa akityuni, yaani kurekebisha sauti za piano za mahoteli na makanisa. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Akampa binti mkoba abebe, baadaye akampa na spana ashike, mwishowe mzee akawa anasikiliza tu na binti ndiye anayekaza nyuzi. Miaka kumi na mmoja. Mzee alipofariki alimwachia mkoba. Lakini kwao walimcheka: mwanamke, Mwislamu, na madude ya kanisani! Kisarawe nzima walimwita Mbeba Mkoba, na hakuna aliyewahi kumwita nyumbani kutengeneza chochote. Piano yetu ilikuwa ya kwanza. Alijua ikimshinda mbele ya watu wa kwao, jina lile litamfuata hadi kaburini.

Alifika Jumatatu asubuhi, siku tano kabla ya mahafali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Akaondoa maua, akaondoa vitambaa, akavua nailoni. Harufu ya unyevu ikajaa ukumbini.

"Nani kaifunika hivi?"

"Mimi, mama."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, wala hakunihurumia.

Nailoni ilikuwa imezuia unyevu usitoke. Nyuzi zilishika kutu, mbao zikavimba, vibao vya kubonyeza vikabanana. Akawasha balbu ndani ya piano na kuiacha iwake usiku na mchana ikaushe. Akapiga msasa kibao kimoja kimoja. Kwenye vinyundo vinavyogonga nyuzi, palipoliwa na wadudu, akaweka vipande vya sufu alivyokata kwenye koti la mtumba. Nyuzi alizikaza kidogo kidogo, kila siku robo ya mzunguko, maana waya wenye kutu hautaki haraka. Mimi nilishika tochi chini ya piano. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama na tai yangu.

Ila sharti lake lilinikera: milango iwe wazi, na hakuna anayepita bila kubonyeza. Wanafunzi, mlinzi, hata afisa aliyekuja kukagua vyoo. Jumatano aliingia Rahabu, mpishi wetu, na birika la chai. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia Dutumi na ng'ombe wao. Aliambiwa abonyeze. Akaweka birika chini, akapiga mistari miwili ya wimbo kwa mikono yote miwili, akachukua birika lake akaenda zake kukoroga maharage. Mwanahalima alimsindikiza kwa macho mpaka jikoni.

Ijumaa jioni piano iliimba. Jumamosi alfajiri mvua ikashuka, umeme ukakatika, balbu ikazimika. Saa tatu, wazazi wameshakaa, vibao vitatu vya katikati vilikuwa vimevimba tena na kung'ang'ania chini. Vilikuwa do yangu, fa yangu na so yangu.

Sasa nitoboe siri. Kanisani napiga kinanda cha umeme, na ninajua vibao vyeupe tu. Kwaya ikitaka sauti ipande, nabonyeza kitufe, mashine inapandisha yenyewe. Piano haina kitufe hicho. Bila vibao vile vitatu nilikuwa mtazamaji kama wazazi wengine, na Badru alikuwa safu ya tatu, amekuja kama mzazi. Mwanahalima alipiga magoti na kisu chembamba, akajaribu, havikuinuka. Nikasikia mtu nyuma akinong'ona, "Si yule Mbeba Mkoba?" Naye alisikia.

Akasimama. "Niitie mama wa chai."

Rahabu akaja na aproni yake.

"Do, fa na so zimekufa, mama," nikamwambia.

"Za nani?" akauliza. "Do inakaa pale ninapoiweka."

Yeye alifundishwa do re mi kwa chaki ubaoni kisha kwenye kinanda cha kanisani kwao, na mwalimu wao wa kwaya alikuwa akipandisha na kushusha do kutegemea nani kaamka na mafua. Akapangusa vidole, akaiweka do yake kwenye mi yangu, akaanza wimbo wa shule. Alipita katika vibao vyeusi ambavyo mimi sijawahi kuvikanyaga, akaviruka vile vitatu kama mtu anayeruka madimbwi ya njia anayoijua. Wanafunzi wakadakia. Wazazi wakasimama. Ubeti wa pili ukumbi mzima ulikuwa unaimba, vigelegele juu, na Mwanahalima kasimama kando ya piano iliyo wazi, spana mkononi. Nililia, na sioni haya kusema.

"Nani fundi?" mzee mmoja wa Mzenga akapaza sauti.

"Huyu hapa!" Rahabu akajibu bila kuacha kupiga. "Fundi Mwanahalima!"

Mkuu akatangaza kwamba piano haikatwi. Badru akanyoosha mkono, akaomba aijaribu. Nyuma yake wakapanga foleni akina mama, na Mkuu mwenyewe.

Mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita waya ulikatika, nikampigia simu fundi kwa hofu. Akaja kutoka Kibaha, akautoa, akausogeza dirishani. Ncha ilikuwa inang'aa, haina hata doa la kutu.

"Njoo uone, mwalimu," akasema. "Huu umekatika kwa kupigwa."

Akarudia mara tatu. Kisha akapiga kigelegele peke yake katikati ya ukumbi, na jikoni Rahabu akamjibu.