Sindano Iliyojitunga Uzi

Mchungaji kanisumbua niandike haya, kana kwamba sijaaibika vya kutosha. Mimi nashona nguo kwa mkono, na macho yamechoka. Lakini kumwomba mtu anitungie uzi? Thubutu! Nilimwambia Mungu peke yake. Kila asubuhi nilisali nimefumba macho, nikifumbua nakuta sindano ina uzi. Nikashuhudia kanisani, kidevu juu, nikiwaonea huruma wenye imani haba.

Wiki ya ubatizo wa mjukuu wangu, mke wa mwanangu, ninayeishi naye, akaenda kwao siku tatu kuwaalika ndugu zake. Nilisali mpaka magoti yakafa ganzi. Sindano tupu, gauni la mtoto halina mikono. Nikamnunia Mungu.

Mkwe aliporudi akashtuka. "Mama, gauni bado? Jamani, nilisahau kukuachia sindano zenye uzi!"

"Kumbe ni wewe?"

"Ukifumba macho nakutungia. Sala zako ndefu, mama. Hata chai ningechemsha."

Kumbe Mungu alijibu kila siku, ila mimi nilitaka malaika. Nikampa sindano. "Haya, nitungie, mwanangu."

Gauni limekwisha. Jumapili, mtoto akishabatizwa, nitasimama kusahihisha ushuhuda wangu. Wewe uliyesoma, njoo ukae mbele, na ole wako ucheke kabla yangu.