Ukurasa Usio na Mlango

Emil Tschudin alikuwa amepanga herufi za risasi za kuchapia vitabu mjini Basel kwa miaka arobaini, na hakumwamini mtu anayelaza maneno upande kwa makusudi. Basi Verena, msanifu majengo, alipomletea ukurasa wa kutangaza jumba lake jipya, maneno yamepandiana, mistari imepinda kama kuta zilivyopinda kwenye ramani ya jumba hilo, Emil alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Kuna kitu unanificha, bibie."

"Mzee Emil nawe! Umezoea kunyoosha mistari tu."

Emil akaugeuza ukurasa juu chini, kama wapanga herufi wanavyosoma kazi yao, akafuata mistari kwa kidole, ukuta kwa ukuta, mpaka akarudi alikoanzia.

"Mtu anaingilia wapi?"

Verena akacheka. "Hizo ni herufi tu!"

"Haya, toa ramani."

Verena akaitandaza mezani, bado anacheka. Ukuta alioulaza upande juzi ili upendeze zaidi ulikuwa umeukalia mlango wa mbele, na mlango mwingine hakuna.

Kicheko kikamkauka. "Mzee Emil," akanong'ona, "una penseli?"

"Ninayo. Na rula pia, ukiitaka."